Dirisha Tulilofunga kwa Ajili ya Rangi

Nimepona. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe unayesoma huku umefunika mdomo kwa leso unataka kuruka kurasa uone kama mwandishi alibaki hai. Nilibaki. Siku hizi nakula obusuma, ugali wetu, wa watu watatu, na mke wangu ameanza tena kulalamika kwamba nakoroma kama trekta ya miwa. Kwa hivyo kaa, usome polepole. Sehemu inayouma zaidi humu si ile ya mwili wangu.

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari mjini Kakamega. Gari likigonga ng'ombe, mti au ukuta wa kanisa, huletwa kwangu likiwa limekunjamana kama chapati, nami hulirudisha hadi mwenyewe alipite bila kulitambua. Pia nimesoma. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tatu, shule ya jioni, nimekalia kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yamefika masikioni. Nalitaja hilo usije ukadhani kwamba aliyefanya nilichofanya hakuweza kusoma bango la ukutani. Bango nililisoma. Nililisoma mara mia.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na nne. Jua lilikuwa limekausha barabara hivi kwamba lori la miwa likipita, mtaa mzima wa Amalemba ulipotea kwa dakika kumi. Baba yangu alikuja kutoka Musanda na fimbo yake, kofia yake kuukuu ya jeshi, na kopo kubwa la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alisema amekuja ili yaangaliwe hospitalini.

"Papa, umetuletea biskuti!" mke wangu Rispa akampokea.

"Nimewaletea kazi," mzee akajibu, na kopo hakuliachia.

Ndani mlikuwa na gari dogo la vita la kuchezea, urefu wa shubiri moja na nusu, la bati tupu, wazi juu. Askari waliliita keria. Lile la kweli halikwenda kwa magurudumu ya mpira, lilikwenda kwa minyororo ya chuma kama tingatinga. Hili dogo lilikuwa limebonyea upande mmoja, kutu imekula pua, na minyororo yote miwili ilikuwa imepotea kabisa. Nililijua. Nilipokuwa mdogo nililisukuma kwenye tope la Musanda, na mguu uliolikanyaga ulikuwa wangu.

Baba hakulitengeneza yeye. Lilikuwa la kijana mwenzake wa Khwisero aliyeitwa Ashioya; walichukuliwa jeshi siku moja wakapelekwa Burma. Huko Ashioya aliugua, akalazwa kwenye hema la wagonjwa, na kwa miezi kadhaa akawa anakata makopo ya nyama na kuyakunja. Alipoona kwamba harudi, alimpa baba lile gari ampelekee mama yake. Baba akarudi nalo. Mwaka wa kwanza hakulipeleka kwa sababu alilipenda. Miaka iliyofuata hakulipeleka kwa sababu alionea aibu kuchelewa kwake. Kisha mimi nikalikanyaga, naye akapata sababu iliyosimama kwa miguu yake: huwezi kumpelekea mama wa marehemu kitu kilichovunjika.

"Yule mama alishakufa," baba akaniambia. "Lakini dada ya Ashioya yuko. Norah. Nataka aone keria ikiwa nzima, imekwama kwenye matope vile ilikwamanga, na sisi wawili, mimi na Ashioya, tuko hapo. Nataka niipeleke na miguu yangu kabla macho hayajafunga. Unaweza?"

"Papa, mimi nimenyoosha basi lililobingirika mara saba!"

"Mara saba?"

"Mara tatu."

"Sema mbili, tuanze."

Tukaanza. Jioni kabla ya chakula, na Jumapili baada ya kanisa, tulikalia viti viwili chumbani, gari kwenye kigoda katikati yetu. Baba aliona vya karibu tu, kwa hiyo aliinama hadi kofia yake ikagusa paji langu. Nilinyoosha bati kwa kijiko na nyundo ndogo, nikalehemu nyufa, nikapiga msasa. Na hapa nataka unisikilize vizuri. Fundi wa rangi ana dini moja tu, nayo ni kuchukia vumbi. Punje moja ikitua kwenye rangi mbichi, kazi ya siku imekufa. Tunafunga dirisha, tunatundika blanketi mlangoni, tunamwaga maji sakafuni, tunapaka bila kupumua sana. Nilifanya hivyo gereji miaka kumi na mitano, na nikafanya hivyo nyumbani. Kila lori lilipovuma barabarani, baba mwenyewe aliniambia, "Dirisha, Shem." Nami nikalifunga.

Kikohozi kilikuwa kimenianza tangu Novemba.

Nilisema ni vumbi la msasa. Baadaye nikasema ni thina ya kuyeyushia rangi. Baadaye nikasema ni baridi, na ilikuwa Februari, wakati ambapo hata mijusi wa Amalemba walitafuta kivuli. Nilikohoa hadi mbavu zikasikika jirani, na baba akawa ananiambia, "Geuza shingo, unatikisa keria." Kila asubuhi niliamka shuka limeloa kama nimelala mtoni. Mkanda wa suruali nilitoboa tundu, nikatoboa la pili, na la tatu Rispa akaninyang'anya msumari.

"Baba Eva, utatoboa mpaka mgongoni," alisema. Hakuwa anacheka. "Kesho hospitali. Usipoenda, mimi nitaenda nikohoe kwa niaba yako."

Kwenye kliniki ya kifua, hospitali ya mkoa, foleni ilianzia mlangoni ikaishia Uganda. Tulikaa nje barazani, mahali penye upepo, kila mmoja na kikopo chake cha makohozi ameficha kwenye nguo kama mtu aliyeiba yai. Ukutani palikuwa na bango: waliokuwa wakilala nyumba moja na mgonjwa nao wapimwe. Siku tatu nilipeleka vikopo, siku tatu nikasoma bango. Siku ya nne sista aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi aliniita ndani.

"Ni kifua kikuu, fundi. Inapona. Sindano na vidonge kila siku miezi miwili, halafu vidonge peke yake miezi sita. Usikose hata siku moja. Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu. Mimi, mke, na binti wa miaka tisa."

"Hakuna mwingine? Mzee? Mtoto wa ndugu?"

"Hakuna."

"Sawa. Hao wawili waje Jumatatu. Na madirisha yakae wazi, umesikia?"

"Nimesikia, Sista. Hata ukuta nitautoa!"

Akacheka. Wagonjwa wengine nao wakacheka. Nilikuwa na kipaji hicho.

Sababu yangu nitaisema bila kuipaka rangi. Kama ningemtaja baba, ndugu zangu wangekuja kumchukua jioni ileile wamrudishe Musanda, na gari lilikuwa limefika nusu. Macho yake yalikuwa yakifunga. Nilijiambia ni wiki chache tu, nikimaliza minyororo nitampeleka mwenyewe. Halafu kulikuwa na mtaa. Miaka ile mtu akikonda na kukohoa, mtaa uliandika majibu yake kabla ya daktari. "Ile kitu," walisema, wakimaanisha ukimwi, na kuinua kidole kidogo kuonyesha ulivyokonda. Nilitaka watu wachache kadiri iwezekanavyo wajue. Damu yangu ilipimwa, nikakutwa sina ile kitu. Lakini kwenye benchi letu walikuwepo waliokuwa nayo, na kikohozi chetu kilikuwa na sauti moja. Mmoja wao, bwana mmoja mrefu wa Lugari, alinikatia nusu ya ndizi yake kila asubuhi kwa sababu dawa kwenye tumbo tupu ziliniangusha. Alikata kwa uangalifu sana, akapima kwa macho, akanipa kipande kikubwa. Karibu na sindano ya thelathini nafasi yake ikakaliwa na mtu mwingine. Sikuuliza, na hakuna aliyeniambia.

Rispa na Eva walipimwa, wakawa salama. Jioni ile Rispa akauliza, "Na Papa?"

"Amepimwa," nikasema. "Nilimpeleka mimi."

Hivyo nilimdanganya sista, nikamdanganya na mke wangu. Kwa baba sikuhitaji uongo mkubwa. Nilimwambia nina kifua, akasema "Aa," na akaniuliza msasa laini uko wapi.

Sindano sitini. Kufikia ya ishirini nilikuwa nakaa ubavu kama mwanamke aliyepakiwa kwenye baiskeli. Vidonge viligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa, nikamwambia Rispa sasa naweza kufungua kiwanda cha soda. Masikio yakaanza kulia kama nzi kwenye chupa, na nikitembea sakafu iliinuka kunilaki. Mama mkwe alikuja siku moja akaona kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu ili kisichanganywe, akamwambia binti yake waziwazi, nikiwa hapo, "Chukua mtoto turudi nyumbani mpaka ijulikane." Rispa alimwandalia chai, akamsindikiza hadi stendi, akarudi peke yake. Hakuniambia walizungumza nini. Alikata ule uzi mwekundu, akaosha vikombe vyote kwenye beseni moja, na wiki nzima hakunisemesha.

Mvua za masika zilikuja, zile za Kakamega zinazojua saa: adhuhuri mawingu, alasiri mawe. Vumbi likaisha, na dirisha bado tulilifunga, safari hii ili unyevu usifanye rangi iote malengelenge. Nilikuwa napata nafuu. Kufikia sindano ya sitini, mwisho wa Aprili, nilikuwa nimerudi tundu la pili la mkanda, na nilikuwa nimejaa kiburi cha mtu anayepona. Nilileta mikanda miwili ya saa, ya chuma, nikamwonyesha baba jinsi inavyofanana na minyororo ya keria.

Akaishika. Akairudisha.

"Ashioya alikata vipande arobaini kila upande kwa mkono wake, amelala chali. Wewe umekaa kwenye kiti."

Basi nikakata. Bati la kopo, kipande kimoja ukubwa wa punje ya mchele, kukunja, kutoboa, kuunga na waya. Siku nzuri nilimaliza vitatu. Baba alishughulikia ubao wa chini, wenye matope ambamo gari lingekwama. Alisaga makaa, akachanganya na udongo na gundi. Mara ya kwanza alipomaliza aliunusa, akasema, "Haya ni matope ya Musanda. Ya kule yalikuwa meusi," akaukwangua wote. Tulichonga watu wawili wa mti wa mgunga, warefu kama kiungo cha kidole: mmoja ameshika usukani, mwingine nyuma, mabega kwenye bati, anasukuma.

Mwezi wa Juni, vidonge bila sindano vikiwa vimeingia mwezi wa pili, baba alikohoa.

Hakikuwa kikohozi cha moshi. Mtu aliyebeba kile kitu kifuani anakitambua hata kikipita barabarani. Niliinamisha kichwa nikaendelea kukata bati. Siku iliyofuata akakohoa tena. Wiki nne, ndiyo, wiki nne nzima, tulikaa paji kwa paji, yeye akikoholea kwenye kofia yake, mimi nikijifanya masikio yangu yaliyolia yamezibika.

Rispa ndiye aliyevunja. Alisimama mlangoni na sinia la chakula. "Baba Eva, ulisema Papa alipimwa."

Nikakunja kipande cha bati kilichokuwa mkononi. Aliweka sinia chini, kuku wetu wa ingokho na kila kitu, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Nikamwona mgongo wake ukitikisika.

Baba akaweka kisu chake kando. "Usimsumbue huyo mama. Hata mimi nilijua."

"Ulijua nini, Papa?"

"Hicho kikohozi. Nilikaa na Ashioya miezi minne kwenye hema. Siku ile nimeingia hapa Januari, umetoka kunipokea, ukakohoa mara moja pale mlangoni. Nikajua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenirudisha nyumbani. Na keria?"

"Papa, ungekaa mbali basi! Ungefungua hata dirisha!"

"Vumbi," akasema, kama anayemkumbusha mwanagenzi. Halafu akacheka, na kicheko kikageuka kile kitu kingine, kikachukua muda mrefu kuisha.

Watu wakiisikia habari hii huniambia, basi aliamua mwenyewe, usijilaumu. Nimejaribu kulivaa hilo neno na halinienei. Yeye alikuwa mzee mwenye ukungu machoni na deni la miaka karibu hamsini kwa rafiki yake. Aliyekaa mbele ya bango siku tatu ni mimi. Aliyeulizwa "Mzee?" ni mimi.

Nilimpeleka Julai. Sista wa miwani ya uzi alimwangalia, akaniangalia, akafungua kadi yangu akasoma kile alichoandika Februari. Hakunigombeza kama nilivyotaka anigombeze. Aliandika kadi mpya tu. "Mzee, tutakudunga taratibu," akasema, na hiyo "taratibu" aliitamka kwa upole ambao ulinitoa nje barazani.

Mwili wangu ulikuwa unaongezeka na wake ukipungua, ndani ya chumba kimoja, kama maji yanayohamishwa kutoka debe hadi debe. Suruali zilizokuwa zikinianguka Machi zilinibana Agosti. Yeye alihitaji kuinuliwa kitandani, na alikuwa mwepesi kuliko mlango wa gari dogo. Sasa dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa. Mahindi yalikuwa yakivunwa, na harufu ya mabua makavu iliingia hadi kitandani. Alipofika sindano ya ishirini na sita macho yalikuwa hayaoni kitu. Nilimwekea gari kifuani. Nilimwambia limekamilika, bado rangi ya mwisho tu.

Alipitisha kidole juu ya mnyororo, kipande kwa kipande, midomo ikihesabu.

"Thelathini na tisa," akasema.

"Arobaini, Papa."

Akahesabu tena. "Thelathini na tisa. Shule ya jioni!"

Tulicheka sote, hata Rispa. Sindano ya ishirini na saba alidungwa Ijumaa. Jumapili asubuhi, Rispa alipompelekea uji, alikuwa amekwenda.

Tulimzika Musanda, miwa imesimama pande zote kama watu waliokuja kutazama. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema uzee umemchukua mzee wetu, ameshiba siku zake. Watu mia tatu, au sabini, walisema "Amina." Mimi, mwenye mdomo ambao gereji yote inaujua, nilikaa kimya nikala ingokho ya matanga. Nilipewa mfupa mzuri pia, kama kitinda mimba wa marehemu.

Niliporudi mjini nilikata kipande cha arobaini.

Vidonge vyangu viliisha mwisho wa Oktoba. Sista alipiga mstari chini ya kadi, akasema, "Umepona, Shem," na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Wenzangu barazani wakapiga makofi. Kama uko kwenye benchi hilo sasa hivi, nakwambia siku hiyo ipo. Kunywa dawa. Kunywa hata zikikutapisha, hata mtaa ukiinua kidole. Na ukiulizwa nyumbani mko wangapi, hesabu kila pua.

Novemba nilikwenda Khwisero, ubao mapajani, umefunikwa shuka. Norah alinipokea uani, mama mkongwe aliyepita miaka sabini, mgongo umenyooka. Nilijitambulisha, nikaeleza, nikaondoa shuka. Alichuchumaa mbele ya gari. Hakuangalia matope ya baba wala rangi yangu. Alipitisha kidole chini ya bati, mahali ambapo maandishi ya kopo la nyama bado yalisomeka.

"Alitumianga mkono wa kushoto," akasema. "Ona vile amekunja. Ni yeye."

Akamwita mwanawe, mtu mzima wa umri wangu, wakazungumza pembeni. Kisha akaniambia. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usirudi, huzikwa mgomba mahali pake ili naye awe na kaburi. Mama yao alikataa. Alisema hatazika mgomba, mpaka aone kitu ambacho mkono wa mwanawe umegusa. Alisubiri hivyo hadi akafa, na Ashioya hakuzikwa.

"Sasa kimekuja," Norah akasema. "Tutamlaza kando ya mama."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wanazungumza kuhusu kulifukia. Miezi kumi. Vipande themanini. Mdomo ulifunguka niseme walau wakae nalo mwaka mmoja, watoto walione. Nikawaza kuomba nimtoe yule mtu mdogo wa nyuma, anayesukuma. Nikaufunga mdomo.

Mwanawe alichimba shimo dogo, jirani na kaburi lililojaa nyasi. Norah aliomba kwa Olukisa, lugha ya kwao, sala fupi yenye jina la kaka yake mara nyingi. Ubao ulishuka ukatulia sawasawa.

"Baba yako mbona hakuja mwenyewe?" Norah akauliza.

"Alifariki Agosti, Mama."

"Pole, mwanangu. Alikuwa anaugua nini?"

Kule Musanda jibu lilikuwa limeshatengenezwa, kazi yangu ilikuwa kulirudia tu.

"Kikohozi changu," nikasema. "Nilikuwa najua. Nilifunga dirisha, nikamficha kwa sista, ili hili liishe."

Pole ya pili hakuisema. Alichukua jembe mkononi mwa mwanawe, akanipa.

"Basi fukia wewe."

Udongo wa kwanza uligonga bati, ukalia. Wa pili haukulia.